Sura ya 6: Kutambua Uwezo wa Kisanduku cha Umeme cha Nyumba ya Zamani

Mtahiniwa, katika sura iliyopita ulifanya marudio ya kanuni tatu: V = IR, P = VI na P = I²R. Sura hii haina kanuni mpya hata moja. Inakuonyesha mahali ambapo kanuni hizo hizo huamua kama nyumba itabaki salama au itaungua. Tutachukua swali ambalo watu wa Mbeya na Iringa huulizana kila mwaka baridi ya Juni na Julai inapoanza kuuma: nyumba yetu ni ya zamani, tunataka kufunga hita ya kuogea, je, umeme wetu utaimudu?

Miji hii miwili iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kuoga maji ya bomba saa kumi na mbili asubuhi mwezi wa Julai si jambo la kutamani. Hita ile inayofungwa juu ya bafu na kuchemsha maji papo hapo yanapopita hutumia wati 5,000 hivi au zaidi. Sasa fikiria nyumba ya Uhindini au Forest ya Zamani pale Mbeya, au ya Gangilonga kule Iringa, iliyofungwa nyaya wakati kifaa kikubwa kuliko vyote ndani kilikuwa pasi.

Usiwadharau mafundi wa wakati ule. Kituo kidogo cha umeme wa maji cha Mbalizi, kilichojengwa miaka ya 1950, kilikuwa na uwezo wa takriban kilowati 340. Gawanya mwenyewe: 340 kW kwa hita za 5.4 kW. Unapata hita 62 na kidogo. Ya 63 ikiwashwa, kituo kizima kimelemewa kabla hata taa moja haijawaka mjini. Kwa umeme wa kiasi hicho, nyumba yenye taa sita na soketi mbili ilikuwa nyumba ya kisasa. Leo miji hii inapata umeme wa gridi ya Taifa, lakini nyaya zilizomo ndani ya kuta hazikubadilika siku gridi ilipofika.

6.1 Uwezo ni nini?

Uwezo wa mfumo wa umeme wa nyumba ni mkondo mkubwa zaidi ambao mfumo huo unaweza kuubeba kwa muda mrefu bila sehemu yake yoyote kupata joto la kuiharibu. Maneno ya kuyapigia mstari ni "sehemu yake yoyote".

Fuata safari ya mkondo kutoka barabarani. Unatoka kwenye nguzo kwa waya wa huduma, unaingia kwenye fyuzi ya TANESCO ambayo mafundi huiita katauti, unapita kwenye mita, unafuata nyaya fupi za kutoka mita hadi swichi kuu, unapita swichi kuu, ndipo unafika kwenye kisanduku cha fyuzi. Hapo ndipo unapogawanyika kwenda kwenye taa, soketi na jiko.

Mpaka kwenye kisanduku, sehemu hizi zote zimeunganishwa kwa mfuatano. Unakumbuka sifa ya saketi ya mfuatano: mkondo ni mmoja kila mahali. Ampea 40 zinazopita kwenye katauti ndizo hizo hizo zinazopita kwenye mita na kwenye swichi kuu. Kwa hiyo uwezo wa mfumo mzima ni uwezo wa sehemu iliyo dhaifu kuliko zote. Baada ya kisanduku, saketi za ndani zimeunganishwa sambamba, na mikondo yake hujumlishwa.

Hapa ndipo watahiniwa wengi hupoteza alama. Wanaona kisanduku chenye fyuzi nne za 5 A, 15 A, 15 A na 30 A, wanajumlisha na kuandika kwamba uwezo wa nyumba ni 65 A. Jumla hiyo haina maana yoyote kwa swali hili. Fyuzi ya saketi inalinda waya ulio nyuma yake tu. Haisemi chochote kuhusu kile kinachoweza kuingia kutoka mbele.

6.2 Kusoma namba zilizoandikwa

Kabla ya yote, elewa kwamba kazi yako hapa ni kusoma kwa macho, si kufungua. Katauti na mita vimefungwa sili na ni mali ya TANESCO. Tena kuna hatari ambayo watu wazima wengi hawaijui: ukizima swichi kuu, nyaya za kutoka mita hadi swichi hiyo hubaki na umeme kamili. Kuzigusa au kuzipima ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EWURA, baada ya TANESCO kukata umeme kwenye chanzo.

Katauti. Kifuniko chake huweza kuandikwa 60 A au 100 A. Hiyo ni namba ya kishikio, yaani fyuzi kubwa kuliko zote inayoweza kukaa humo. Fyuzi iliyomo ndani inaweza kuwa ndogo zaidi, na anayeijua ni TANESCO.

Mita. Mita ya LUKU huwa na maandishi kama 230 V, 50 Hz, 5(60) A. Namba ya nje ya mabano ni mkondo ambao hutumika kama msingi wa kupima usahihi wa mita. Ya ndani ya mabano, 60 A, ndiyo kikomo chake. Mtahiniwa anayeandika kwamba mita hii hubeba ampea 5 amesoma namba isiyohusika.

Swichi kuu. Katika nyumba za zamani utaona boksi la chuma lenye mkono pembeni, limeandikwa kwa mfano 60 A 500 V. Wapo wanaozidisha 60 kwa 500 na kupata wati 30,000. Ni kosa. Ile 500 V inaeleza volteji ambayo boksi linaweza kuistahimili, haisemi volteji inayoletwa nyumbani. Umeme wa fezi moja nchini ni 230 V, na hiyo ndiyo volteji ya kutumia kwenye hesabu zako zote. Kumbuka pia kwamba swichi ni swichi tu: ile 60 A inasema inaweza kubeba kiasi gani, haimaanishi kwamba itajikata mkondo ukizidi.

Fyuzi za kisanduku. Zile za kauri zenye waya wa kubadilisha zilifuata utaratibu wa Uingereza na zilitiwa alama ya rangi: nyeupe 5 A, buluu 15 A, njano 20 A, nyekundu 30 A, kijani 45 A. Nyeupe ni ya taa, nyekundu mara nyingi ni ya jiko.

Nyaya. Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu ndipo jibu hujificha mara nyingi.

6.3 Nyaya za inchi

Nyaya za sasa hupimwa kwa milimita za mraba. Jedwali lifuatalo ni la nyaya mbili za shaba zenye gamba la plastiki, zilizo ndani ya bomba ukutani, hewa ikiwa na joto la nyuzi 30 za Selsiasi.

Ukubwa wa waya: mkondo wa juu
1.5 mm²: 17.5 A
2.5 mm²: 24 A
4 mm²: 32 A
6 mm²: 41 A
10 mm²: 57 A
16 mm²: 76 A

Je, baridi ya Mbeya haiongezi uwezo wa waya? Inaongeza kidogo kwa waya ulio ukutani. Lakini waya uleule ukipita darini chini ya bati lililopigwa na jua la saa saba mchana, faida hiyo inapotea yote. Tumia jedwali kama lilivyo.

Nyumba zilizofungwa nyaya kwa vipimo vya Kiingereza huweza kuwa na waya ulioandikwa 7/.029 au 7/.044. Maana yake ni nyuzi saba za shaba, kila uzi ukiwa na kipenyo cha inchi 0.029 au 0.044. Kuugeuza ni hesabu ya eneo la duara tu, na inchi moja ni milimita 25.4.

Kwa 7/.044:
Kipenyo cha uzi = 0.044 × 25.4 = 1.118 mm
Eneo la uzi mmoja = 3.142 × (1.118 ÷ 2)² = 0.98 mm²
Eneo la nyuzi saba = 7 × 0.98 = 6.9 mm² hivi

Kwa 7/.029, fanya mwenyewe kwenye karatasi kabla ya kusoma mstari unaofuata.

Unapaswa kupata takriban 3.0 mm². Waya huu uko kati ya 2.5 mm² na 4 mm². Ukikuta waya ulio katikati ya safu mbili za jedwali, chukua mkondo wa safu ya chini. Hivyo 7/.029 ni 24 A na 7/.044 ni 41 A. Shaba iliyokaa ukutani miaka hamsini haizeeki sana. Kinachozeeka ni gamba. Gamba la mpira hukauka na kumeguka ukilikunja. Fundi akilikuta hivyo, hesabu zinaishia hapo: waya ubadilishwe.

6.4 Mfano: nyumba ya Forest ya Zamani

Nyumba ya mfano wetu ina vitu vifuatavyo. Katauti ina fyuzi ya 60 A. Mita ni 5(60) A. Nyaya za kutoka mita hadi swichi kuu ni 7/.044. Swichi kuu ni 60 A, 500 V. Kisanduku kina fyuzi za 5 A, 15 A, 15 A na 30 A. Tafuta uwezo wake.

Panga mnyororo: 60, 60, 41, 60. Ndogo kuliko zote ni 41. Kwa hiyo:

Uwezo = 41 A
P = VI = 230 × 41 = 9,430 W

Mtu aliyesoma swichi kuu peke yake angepata 230 × 60 = 13,800 W. Amejidanganya kwa wati 4,370, karibu hita nyingine nzima.

Sasa fikiria zaidi, maana swali zuri la mtihani haliishii kwenye namba. Nani analinda ule waya wa 41 A? Mbele yake kuna fyuzi ya 60 A. Mkondo ukifika 55 A, fyuzi inauona ni wa kawaida na inauacha upite. Waya ndio unaoteseka. Joto linalotokea kwenye waya hufuata I²R, na ukinzani wa waya ni uleule, kwa hiyo tunaweza kulinganisha joto la 60 A na la 41 A hivi:

(60 ÷ 41)² = 1.46² = 2.1 hivi

Waya unapata joto la zaidi ya mara mbili ya lile unaloweza kulistahimili, na hakuna kifaa chochote katika nyumba nzima ambacho kitakata umeme. Hii ndiyo hatari ya kisanduku cha zamani. Kwa miaka mingi haikuonekana kwa sababu familia haikuwahi kutumia zaidi ya 15 A. Hita ndiyo inayokuja kuifichua.

Mtahiniwa akiulizwa "pendekeza suluhisho", majibu mawili yanakubalika: kubadilisha nyaya hizo ziwe za 16 mm², au kuomba TANESCO waweke fyuzi ya 40 A kwenye katauti. La pili ni la gharama ndogo na halimwongezei mwenye nyumba hata wati moja, ila linamlinda. Jibu la kuongeza fyuzi ya katauti iwe 100 A "ili umeme usikatike" ni jibu la kukosa alama, na kwa bahati mbaya ndilo linalotolewa sana mitaani.

6.5 Mzigo: vifaa vinadai kiasi gani?

Baada ya kujua uwezo, tunahesabu mzigo. Nyumba yetu ina taa 10 za wati 10, friji ya wati 150, televisheni na vitu vidogo wati 150, pasi wati 1,200, birika la umeme wati 2,000, na jiko la pleti mbili wati 2,500. Jumla ni wati 6,100. Tukiongeza hita ya wati 5,400 tunapata wati 11,500.

I = P ÷ V = 11,500 ÷ 230 = 50 A

50 A ni zaidi ya 41 A. Je, tuseme hita haiwezekani? Subiri. Hakuna anayewasha kila kitu kwa wakati mmoja. Tunachotafuta ni saa mbaya kuliko zote katika siku, na kwa nyumba ya nyanda za juu saa hiyo ni alfajiri ya Julai. Mmoja anaoga, birika linachemka, taa zimewaka, friji inanguruma:

5,400 + 2,000 + 100 + 150 = 7,650 W
I = 7,650 ÷ 230 = 33.3 A

Inatosha. Lakini mtu akiwasha pleti zote mbili apike uji wa watoto wakati huohuo:

7,650 + 2,500 = 10,150 W
I = 10,150 ÷ 230 = 44.1 A

Imezidi kwa ampea tatu. Kwa hiyo jibu kamili ni hili: hita inawezekana katika nyumba hii iwapo tu jiko halitawashwa wakati wa kuoga, au nyaya za kutoka mita zibadilishwe. Mpanga ratiba ya asubuhi ana kazi sawa na ya fyuzi, ingawa mimi binafsi singeuamini mpango unaotegemea watu sita wakumbuke kuzima jiko.

Hita yenyewe inadai 5,400 ÷ 230 = 23.5 A. Haiwezi kuunganishwa kwenye saketi ya 15 A. Inahitaji saketi yake peke yake kutoka kwenye kisanduku, yenye breka ya 32 A na waya wa 6 mm². Kuichomeka kwenye soketi ni kosa zaidi, kwani plagi yetu ya pini tatu imetengenezwa kwa 13 A.

6.6 Kupima mzigo bila kugusa chochote

Mita yako inaweza kukufanyia jaribio la maabara bila kufungua kitu. Kwenye uso wa mita ya LUKU kuna taa ndogo nyekundu inayopepesa, na pembeni imeandikwa ni mara ngapi inapepesa kwa kila uniti moja, yaani kilowati-saa moja. Tuseme ni mara 1,000. Zima kila kitu, washa hita peke yake, kisha hesabu kwa dakika moja ukitumia saa ya simu.

Ukipata mipepeso 90:
Nishati = 90 ÷ 1,000 = 0.09 kWh
Muda = dakika 1 = 1/60 ya saa
P = 0.09 × 60 = 5.4 kW

Rudia kwa birika, kwa jiko, kwa pasi. Ndani ya nusu saa utakuwa na orodha ya mizigo ya nyumbani kwenu iliyo ya kweli kuliko namba zilizobandikwa kwenye vifaa, na utakuwa umefanya marudio ya nishati, muda na nguvu kwa pamoja. Soma namba iliyo kwenye mita yenu. Si zote ni 1,000. Baadhi ya nyumba mita iko juu ya nguzo na ndani kuna kifaa cha kubonyezea namba tu. Hao watafanya jaribio kwa jirani. Kwa mita ya kale yenye kisahani kinachozunguka, hesabu mizunguko badala ya mipepeso. Njia ni ileile.

6.7 Mtego wa volteji iliyoshuka

Jioni, watu wanapopika, volteji huweza kushuka hadi 200 V. Je, mkondo wa hita utaongezeka au utapungua? Watahiniwa wengi huandika I = 5,400 ÷ 200 = 27 A na kusema umeongezeka. Ni kosa. Ile 5,400 W ni ya 230 V tu. Kisichobadilika ni ukinzani wa koili ya hita:

R = V² ÷ P = 230² ÷ 5,400 = 9.8 Ω
Kwa 200 V: I = 200 ÷ 9.8 = 20.4 A
P = 200 × 20.4 = 4,080 W hivi

Mkondo umepungua na maji yamekuwa vuguvugu. Kila aliyeoga jioni katika mtaa wenye umeme hafifu anajua nusu ya pili ya jibu. Friji ni habari tofauti: mota yake inapokosa volteji huweza kuvuta mkondo mkubwa zaidi na kupata joto, ndiyo maana huungua wakati hita haiungui.

6.8 Kisanduku kipya, nyaya za zamani

Sasa twende Iringa. Nyumba ya mfano ya Gangilonga imebadilishiwa kisanduku. Kile cha kauri kimetolewa, kimewekwa cha plastiki cheupe chenye breka za 10, 16, 20, 32 na 32. Mwanzoni mwake kuna breka ya kuzuia umeme unaovuja, imeandikwa 63 A, 30 mA. Mwenye nyumba anaamini sasa ana 63 A.

Namba mbili hizo zinaeleza vitu viwili. 30 mA ndicho kiwango cha umeme unaovuja ardhini ambacho breka hii hukata, na huokoa maisha ya mtu aliyeshika waya moto. 63 A ni mkondo ambao inaweza kuubeba. Breka ya aina hii haikati kwa sababu ya mzigo kuzidi. Uwezo wa nyumba haujabadilika hata kidogo, kwa sababu mnyororo wa mbele haukuguswa.

Kibaya zaidi kiko nyuma. Waya wa soketi ni uleule wa 7/.029, ambao tumeona ni wa 24 A, na fundi ameuweka kwenye breka ya 32 A kwa kuwa ile ya 20 A "ilikuwa inakata kila mara". Ilikuwa inakata kwa sababu ilikuwa inafanya kazi yake. Kanuni ya kukumbuka: mkondo wa kifaa usizidi namba ya breka, na namba ya breka isizidi uwezo wa waya. Kwa waya huu, breka ni 20 A.

Kwa fyuzi za waya wa kubadilisha kanuni ni kali zaidi. Fyuzi hizo ni nzito kukatika. Zinahitaji takriban mara mbili ya namba yake. Ndiyo sababu uwezo wa waya huzidishwa kwa 0.725 kabla ya kulinganishwa na fyuzi. Waya wa 24 A unabaki na 24 × 0.725 = 17.4 A, hivyo fyuzi yake ni 15 A, si 20 A.

Na waya wa fyuzi wenyewe ni mwembamba kuliko unavyodhani: 0.2 mm kwa 5 A, 0.5 mm kwa 15 A, 0.85 mm kwa 30 A. Niliwahi kufungua kishikio cha 15 A nikakuta kipande cha waya wa kawaida wa 1.5 mm². Waya wa fyuzi wa 0.5 mm una eneo la 0.196 mm². Kilichowekwa kilikuwa kinene mara saba na nusu. Nyumba nyingine hutumia waya wa kufungia nondo. Fyuzi ya namna hiyo imebaki jina.

Maswali ya kujipima

1. Kisahani cha mita ya zamani huzunguka mara 150 kwa kila kilowati-saa. Mwanafunzi amehesabu mizunguko 10 kwa sekunde 48. Kokotoa nguvu inayotumika na mkondo unaopita, volteji ikiwa 230 V.

2. Nyumba ina fyuzi ya katauti ya 60 A, mita ya 5(60) A, nyaya za 10 mm² kutoka mita, na swichi kuu ya 30 A. (a) Uwezo wake ni wati ngapi? (b) Mwenye nyumba anabadilisha nyaya ziwe za 16 mm². Uwezo utaongezeka? (c) Akibadilisha swichi kuu iwe ya 60 A na kuacha nyaya za 10 mm², uwezo utakuwa ampea ngapi?

3. Skrubu ya swichi kuu imelegea na kiungo chake kina ukinzani wa 0.1 Ω. Mkondo wa 33 A unapita. Kokotoa joto linalotokea hapo kila sekunde. Je, fyuzi ya 60 A itakatika? Eleza.

Majibu

1. Nishati = 10 ÷ 150 = 0.0667 kWh. Muda = 48 ÷ 3,600 = 0.0133 saa. P = 0.0667 ÷ 0.0133 = 5.0 kW. I = 5,000 ÷ 230 = 21.7 A.

2. (a) Ndogo kuliko zote ni 30 A; P = 230 × 30 = 6,900 W. (b) Hapana. Swichi kuu bado ni 30 A. Ametumia fedha mahali pasipo na udhaifu. (c) 57 A, kwa kuwa sasa nyaya ndizo dhaifu.

3. P = I²R = 33² × 0.1 = 109 W, yaani jouli 109 kila sekunde, katika sehemu isiyozidi ncha ya kidole, na pengine imefungwa kwenye ubao wa mbao. Fyuzi haitakatika. Fyuzi huhisi mkondo unaopita ndani yake, nao ni 33 A tu. Joto la kiungo kilicho mbali nayo haliijui. Kiungo kama hicho hutambuliwa kwa harufu ya plastiki iliyoungua, rangi ya kahawia kuzunguka skrubu, au taa kufifia kila hita inapowashwa.